Panya aliyeonewa husahau nini, na hukumbuka nini?

Swali limetoka kwa mwalimu wa baiolojia wa shule ya sekondari. Anaandika: "Nimesoma kwamba panya akipigwa na panya mwenzake kila siku kwa siku 10, kumbukumbu yake huharibika. Nilipowaeleza wanafunzi wangu wa kidato cha nne, waliniuliza mambo mawili nikakwama. Kwanza, mtu atajuaje kwamba panya amesahau, na panya hasemi? Pili, kumbukumbu inafutika kweli, au panya anaogopa tu? Nami naongeza la tatu: ikishaharibika, hurudi?"

Mwalimu, wape vijana hao hongera zangu. Hilo la kufutika au kuogopa limewasumbua watafiti miaka mingi, na kwangu ndilo kiini cha jambo zima. Panya aliyeonewa hapotezi kumbukumbu yote kwa mkupuo. Anachopoteza zaidi ni kumbukumbu ya mahali, njia ilipo, tundu lilipo, kitu gani kilikuwa kona ipi. Kumbukumbu ya aliyemwonea haipotei. Hiyo hukomaa, ikawa kali kuliko kumbukumbu ya kawaida. Anayesema "msongo unaharibu kumbukumbu" amesema nusu ya habari, na nusu aliyoiacha ndiyo inayonishughulisha mimi.

Nianze na hilo jaribio la siku 10, maana hutajwa sana bila kuelezwa. Kiswahili chetu kinatutatiza kidogo hapa, kwa sababu neno "panya" tunalitumia kwa wanyama wawili ambao maabara huwatenganisha: panya mdogo wa nyumbani, anayeenea kiganjani, na panya mkubwa ambaye uzito wake ni mara 10 ya huyo au zaidi. Jaribio la siku 10 hufanywa kwa wale wadogo. Anachukuliwa dume mkubwa mweupe wa aina inayoitwa CD-1, ambaye amekwisha kuzalisha na amepimwa ukali wake, anawekwa kwenye kizimba mpaka akione ni chake. Kisha analetewa dume mdogo mweusi wa aina ya C57BL/6. Sisi husema mgeni njoo mwenyeji apone. Kwa madume ya panya hakuna adabu hiyo, mwenyeji humrukia mgeni mara moja. Wanaachwa dakika 5 hadi 10, basi. Baada ya hapo hutenganishwa kwa ukuta wa plastiki unaopitisha mwanga, wenye matundu, nao hukaa hivyo mpaka kesho yake: wanaonana, wananusana, wanasikiana, ila hawagusani. Siku inayofuata mgeni hupelekwa kwa mbabe mwingine asiyemjua. Njia hii ya kuwaweka kizimba kimoja kilichogawanywa ina mizizi yake Novosibirsk, Urusi, kwenye maabara ya Natalia Kudryavtseva, na ikaenea duniani baada ya mwaka 2006, pale Olivier Berton, Eric Nestler na wenzao wa Texas walipoitumia kuchunguza jinsi ubongo unavyojifunza kukwepa wenzake.

Naomba uwasisitizie wanafunzi jambo moja hapo. Kipigo chenyewe ni dakika chache, na maabara inayofuata taratibu humwondoa mnyama akipata majeraha makubwa. Uzito uko kwenye zile saa zilizobaki, mnyama anapolala akiwa na harufu ya mbabe puani, hana pa kwenda, hajui kesho atapelekwa kwa nani. Ndiyo maana msongo huu wa kijamii una nguvu ya pekee. Ukimbana panya kwenye bomba jembamba kila siku, mwili wake huzoea kwa kiasi fulani, na homoni ya msongo inayomwagika siku ya kwanza huwa nyingi kuliko ya siku ya kumi na tano. Kushindwa na mwenzake hakuzoeleki kirahisi hivyo. Timu ya Jaap Koolhaas wa Groningen, Uholanzi, imelifanyia kazi hilo kwa miongo mingi kwa panya wakubwa.

Sasa, tunajuaje amesahau?

Chombo maarufu ni beseni la maji alilolibuni Richard Morris miaka ya mwanzo ya 1980. Ni beseni la duara, pana, maji yake yamechafuliwa kwa maziwa au rangi isiyo na sumu ili yasionyeshe chini. Ndani, sentimita moja au mbili chini ya uso wa maji, kuna jukwaa dogo. Panya huogelea vizuri ila hapendi kulowa, kwa hiyo hutafuta pa kusimama. Mara ya kwanza anazunguka ovyo mpaka alikwae jukwaa. Baada ya siku chache, hata akitumbukizwa upande mwingine, anakwenda moja kwa moja, akijiongoza kwa alama za ukutani: dirisha, bango, taa. Nimekaa kando ya beseni hilo saa nyingi na saa ya kuhesabia mkononi, na bado hufurahi ninapomwona mnyama akikata kona akaelekea mahali asipopaona. Siku ya mtihani jukwaa huondolewa. Panya anayekumbuka atazunguka palepale lilipokuwa, kama mtu anayepapasa meza gizani akitafuta miwani aliyoiacha. Asiyekumbuka atazunguka beseni lote.

Hapo ndipo swali la wanafunzi wako linapoingia. Panya mwenye woga huganda ukingoni, anaogelea akikwaruza ukuta, wala hathubutu kuja katikati. Ukipima dakika tu, utasema amesahau, kumbe anaogopa. Kwa hiyo mtafiti makini hapimi muda peke yake. Anapima kasi ya kuogelea. Anapima muda uliotumika ukingoni. Na anafanya jambo rahisi kuliko yote: anaweka jukwaa linaloonekana, limechomoza juu ya maji na lina bendera. Panya aliyeonewa akiliendea hilo haraka sawa na mwenzake aliyetulia, ina maana macho yake ni mazima, misuli yake ni mizima, na hamu ya kutoka majini anayo. Akishindwa lile lililofichwa tu, basi tatizo ni kumbukumbu ya mahali. Tafiti nyingi za mwanzo hazikufanya hivyo kwa uangalifu, na mimi nikisoma utafiti wa msongo na kumbukumbu, sehemu hiyo ndiyo ninayoisoma kwanza.

Kuna vipimo vingine visivyohitaji maji, ambavyo panya wadogo huvimudu zaidi. Meza ya Barnes ni meza ya duara yenye matundu pembezoni, tundu moja tu likiwa na kijisanduku chini yake. Panya huchukia uwazi wenye mwanga mkali, hivyo hukimbilia sandukuni. Kingine ni kumpa vitu viwili avinuse, kisha baadaye kimoja kubadilishwa, kwani panya anayekumbuka atakitazama kigeni zaidi. Cha tatu, na hiki kinaingia moja kwa moja kwenye mada yetu, ni kumletea panya mchanga amnuse, kumwondoa, na kumrudisha baada ya muda. Akimkumbuka, hatamnusa sana mara ya pili. Mwaka 2000 Jeffrey Kogan, Paul Frankland na Alcino Silva walionyesha kwamba panya wanaoishi kundini huweza kumkumbuka mwenzao hata baada ya siku 7, ilhali aliyetengwa akaishi peke yake kumbukumbu hiyo humtoka upesi, ndani ya saa moja au chini. Upweke nao ni msongo wa kijamii, tena usio na jeraha hata moja.

Panya huishi kwa pua, Mwalimu. Waliobahatika kufika Morogoro kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wamewaona panya buku wa shirika la APOPO wanaonusa mabomu ya ardhini na vijidudu vya kifua kikuu. Wanyama hao huzoeshwa watu tangu wakiwa wadogo, hufundishwa kwa miezi, na hulipwa ndizi kwa kila jibu sahihi. Hakuna fimbo katika mafunzo hayo. Kumbukumbu ya harufu iliyojengwa hivyo hudumu na hutegemewa mahali ambapo kosa moja ni mguu wa mtu.

Tuingie kichwani. Panya akitishwa, haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, humtuma mjumbe kwenye tezi ya pituitari, pituitari humtuma mwingine kwenye tezi za adrenali zilizo juu ya figo, nazo humwaga kotikosteroni. Kwa binadamu homoni inayofanya kazi hiyo ni kotisoli, ndugu yake wa karibu. Mwaka 1968 Bruce McEwen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walitia kotikosteroni yenye alama ya mnururisho kwenye damu ya panya wakafuatilia ilikotua. Iling'ang'ania hipokampasi, sehemu iliyojikunja ndani ya ubongo ambayo ndiyo ramani ya mahali. Ugunduzi huo ulibadilisha mawazo: homoni ya tezi za juu ya figo ilikuwa na anwani yake kwenye makao ya kumbukumbu.

Baadaye, kupitia kazi ya Ron de Kloet na wenzake Uholanzi, ikajulikana kwamba vipokezi vya homoni hiyo ni vya aina mbili. Aina moja huishika kwa nguvu kiasi kwamba hujaa hata panya akiwa ametulia. Ya pili huishika kwa ulegevu, ikasubiri mpaka homoni ifurike. Ndiyo maana msongo kidogo hunoa akili na msongo mwingi huipumbaza. Mwanafunzi aliyewahi kuingia chumba cha mtihani analijua hili bila kusoma kitabu.

Lakini wingi si kila kitu, na wakati una uzito wake. Mwaka 1998 Dominique de Quervain, Benno Roozendaal na James McGaugh waliwafundisha panya wakubwa beseni la Morris. Kesho yake, kabla ya mtihani, waliwapa mshtuko mdogo wa umeme miguuni. Waliopata mshtuko dakika 2 kabla ya mtihani walikumbuka vizuri. Waliopata saa 4 kabla walikumbuka vizuri. Waliopata dakika 30 kabla, pale kotikosteroni ilipokuwa kileleni, walipapasa beseni lote. Walipopewa dawa ya kuzuia mwili usitengeneze homoni hiyo, kosa likatoweka. Ona maana yake: kumbukumbu ilikuwepo muda wote! Haikufutwa. Mlango wa kuifikia ndio uliofungwa kwa muda. Hapo ulikuwa msongo wa umeme, wala si wa mwenzao, lakini kwa swali la wanafunzi wako sijaona jaribio linalojibu kwa uwazi zaidi ya hilo.

Msongo ukidumu wiki, mambo hubadilika, hauwi tena mlango uliofungwa. Mwaka 1992 Yoshifumi Watanabe, Elizabeth Gould na McEwen waliwabana panya kila siku kwa siku 21, kisha wakazitazama seli za neva za sehemu ya hipokampasi iitwayo CA3. Matawi yake yalikuwa yamepungua na kufupika, kama mti uliopogolewa. Miaka miwili baadaye Victoria Luine alionyesha kwamba panya waliobanwa vivyo hivyo hukosea zaidi kwenye mzingile wa njia nane, na baada ya muda wakiachwa wapumzike, hurejea.

Je, panya wenyewe kwa wenyewe wanaweza kufanyiana hivyo bila mkono wa mtu kuwabana? Wanaweza. Robert na Caroline Blanchard wa Hawaii waliwajengea panya wakubwa makao yenye vyumba na mapito kama shimo la porini, wakawaacha madume na majike pamoja. Ndani ya siku chache dume mmoja akawa bwana, wengine wakajaa majeraha ya kung'atwa mgongoni na mkiani, wakakonda, wakabaki vyumbani. Seli za CA3 za wanyonge zilipotazamwa, matawi yalikuwa yamepungua kuliko ya panya wa vizimbani. Na lililowashangaza wengi ni kwamba ya wababe nayo yalikuwa yamepungua! Kulinda cheo nako kuna gharama yake. Mtu asiharakishe kusema mshindi yuko salama.

Hapa Afrika Mashariki tuna ushuhuda wetu, ingawa si wa panya. Mwaka 1989 kundi la watafiti, akiwemo Robert Sapolsky aliyewafuatilia nyani wa Kenya kwa miaka mingi, lilieleza habari za tumbili waliofugwa katika kituo cha utafiti nchini Kenya. Baadhi yao walikufa wakiwa na vidonda vya tumbo, na dalili zilionyesha kuwa waliandamwa na wenzao. Hipokampasi zao zilikuwa zimeharibika. Habari hiyo ilitikisa wengi, na kwa miaka kadhaa watu wakawa wanasema msongo "unaua ubongo". Seli zilipohesabiwa kwa uangalifu zaidi kwa panya, ilionekana kwamba kwa kawaida seli hazifi, hukunja matawi yake tu. Ukiwafundisha wanafunzi, tafadhali achana na lile neno la kuua. Mti uliokufa na mti uliopogolewa havifanani mvua ikinyesha.

Nimesema kuna nusu ya pili. Twende Bengaluru, India, ilikokuwa maabara ya Sumantra Chattarji. Mwaka 2002 yeye na wenzake, akiongoza Ajai Vyas, waliwabana panya kwa siku 10 kisha wakatazama sehemu mbili za ubongo uleule. Hipokampasi, matawi yamepungua, kama ilivyojulikana. Amigdala, sehemu inayoshughulika na hofu, matawi yameongezeka. Msongo uleule, homoni ileile, kichwa kilekile, na huku kunapogolewa huku kunachipua. Nilipoyasoma matokeo hayo mara ya kwanza niliyarudia mara tatu. Yalieleza jambo ambalo kwa miaka lilikuwa likionekana kwenye tabia bila kupata sababu: panya mwenye msongo hushindwa kukumbuka jukwaa lilipo, lakini mfundishe kwamba mlio fulani hufuatwa na umeme, hatasahau, tena ataganda kwa hofu kuliko panya wa kawaida.

Na sasa fikiria hamsta wa Syria. Huyu ni mgugunaji anayeishi peke yake na kulinda eneo lake vikali. Kim Huhman wa Chuo Kikuu cha Georgia State, Atlanta, amemchunguza kwa miaka. Dume akishindwa mara moja tu, pambano la dakika 15 hivi, kesho yake akirudishwa kwenye kizimba chake mwenyewe na kuletewa mgeni mdogo asiye na ubaya wowote, hatetei tena kizimba chake. Anakimbia, anajikunyata, ananyanyua mkia kama anayeomba radhi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hali hiyo kwa madume hudumu zaidi ya mwezi, ilhali kwa majike hupita haraka. Ukizuia utengenezaji wa protini mpya ndani ya amigdala wakati wa pambano, tabia hiyo haishiki vizuri, kwa maana ya kwamba ile ni kumbukumbu hasa, imejengwa kwa matofali yaleyale yanayojenga kumbukumbu nyingine. Wenzao wa Chuo Kikuu cha Cornell, kwa Robert Johnston, kwa mbinu tofauti kidogo, walionyesha kwamba hamsta aliyeshindwa anaweza kumtambua mshindi wake kwa nafsi yake na kumkimbia yeye, huku akimsogelea mwingine asiyemjua. Kwa hiyo mnyama huyu tunayemwita "aliyeharibika kumbukumbu" anaweza kumtambua adui mmoja kati ya wengi.

Ndiyo sababu sipendi kusema kwamba ubongo wa aliyeonewa umeharibika. Naona umebadilisha kazi. Panya anayeishi na mbabe ukutani hana faida kubwa ya kukumbuka mahali palipokuwa na mbegu za alizeti wiki iliyopita. Ana faida kubwa ya kumjua adui kabla adui hajamjua. Tatizo ni kwamba mbabe akiondoka, ubongo haupati habari mara moja.

Kuna mambo matatu ambayo wanafunzi wenye maswali makali watayafikia, nawe uwe tayari.

La kwanza, wote hawafanani. Katika lile jaribio la siku 10, panya wa ukoo mmoja, karibu sawa kwa jeni kama mapacha, wamelelewa chakula kimoja, wamepigwa kipigo kimoja, na bado takriban theluthi moja hutoka wakiwasogelea wenzao kana kwamba hakuna kilichotokea. Vaishnav Krishnan, Nestler na wenzao walilichambua hilo mwaka 2007, wakaonyesha kwamba panya hao wastahimilivu si kwamba hawakuguswa. Ubongo wao umefanya mabadiliko yake wenyewe ya kujisawazisha. Ustahimilivu ni kazi inayofanyika kimyakimya.

La pili, homoni yenyewe si mkosaji. Kotikosteroni hupanda kwa dume anayeshindwa, na hupanda vilevile kwa anayeshinda, na kwa anayejamiiana. Koolhaas na wenzake waliandika juu ya hilo mwaka 2011. Tofauti iko kwenye uwezo wa mnyama kutabiri na kutawala kinachompata, na pia jinsi homoni inavyochelewa kushuka kwa aliyeshindwa. Mtu akikuuzia dawa ya "kushusha kotisoli" ili kuokoa kumbukumbu, mkumbuke huyo dume aliyeshinda.

La tatu linaniuma zaidi. Karibu kila nilichokueleza kimefanywa kwa madume. Kwa sehemu ni kwa sababu dume la panya kwa kawaida halimshambulii jike, kwa hiyo jaribio halifanyiki. Brian Trainor wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alitafuta njia kwa kutumia panya wa California, aina ambayo dume na jike wote hulinda eneo. Huko majike walioshindwa ndio walioathirika zaidi, wakawakwepa wenzao. Na Luine, kwa kuwabana, alikuta kinyume: msongo uleule uliowaharibia madume kumbukumbu ya mahali haukuwaharibia majike. Ukiwa na darasa ambalo nusu ni wasichana, usiwape nusu ya elimu ukawaambia ndiyo nzima.

Umri nao una neno. Mjini Munich, kwenye Taasisi ya Max Planck ya magonjwa ya akili, Vera Sterlemann, Mathias Schmidt na wenzao hawakumpiga panya yeyote. Waliwachukua panya vijana, wakawa wanawabadilishia wenzao wa kizimba mara mbili kwa wiki kwa wiki 7. Kila walipoanza kujuana, wakavunjwa. Baada ya hapo wakaachwa kwa amani. Mwaka mzima baadaye, panya wakiwa wazee, kumbukumbu yao ya mahali ilikuwa duni kuliko ya wenzao. Upande wa pili, Michael Meaney na timu yake ya Montreal walionyesha kwamba watoto wa panya waliolambwa na kusafishwa sana na mama zao wiki ya kwanza ya maisha hukua na hipokampasi yenye viunganishi vingi zaidi, na hujifunza beseni la maji vizuri zaidi. Ulimi wa mama unafika mpaka kwenye neva.

Najua unafikiria uonevu shuleni, ingawa hukuuandika. Unaweza kuwaambia wanafunzi kwamba binadamu ana hipokampasi, ana amigdala, na ana homoni ya aina moja na ya panya. Usiwaambie kwamba mwanafunzi anayeonewa ni panya wa siku ya kumi. Mtoto ana lugha, ana mama wa kumweleza, ana rafiki, na mwalimu anaweza kuuvunja ule ukuta wenye matundu. Panya hana hata kimoja cha hivyo.

Sasa lile swali lako la tatu, kama hurudi.

Chattarji na wenzake walilijibu kwa sehemu mwaka 2004. Waliwapumzisha panya wao siku 21 baada ya msongo. Matawi ya hipokampasi yakaota tena. Yale ya ziada yaliyochipua kwenye amigdala yakabaki.

Lililokaribia kabisa swali lako limefanyika Chuo Kikuu cha Ohio State, kwa John Sheridan na Jonathan Godbout. Hawa huingiza mbabe kwenye kizimba cha madume wanaoishi pamoja, kwa saa 2 kila siku, siku 6. Mwaka 2016 walieleza kwamba panya hao walijifunza meza ya Barnes, lakini baadaye wakashindwa kukumbuka tundu la kutorokea. Ndani ya ubongo, maikroglia, yaani seli za kinga zinazokaa humo, zilikuwa zimewaka, kukawa na mchochota kwenye hipokampasi kana kwamba kuna maambukizi, wakati hakuna kijidudu hata kimoja. Panya waliopewa minosaiklini, antibiotiki ya zamani ambayo pia hutuliza seli hizo, walilikumbuka tundu.

Wale wasiopewa dawa waliachwa tu. Walipopimwa siku ya 28 baada ya kipigo cha mwisho, kumbukumbu ya tundu ilikuwa imerudi. Waliletwa kwenye meza wakakimbia moja kwa moja hadi sandukuni, kama wenzao ambao hawakuguswa. Siku hizohizo walipowekewa panya mgeni, walisimama upande wa pili wa kizimba, hawakumsogelea.